Tisini na Mbili, Viatu Vinaingia

"Kama ungeniiba kuku, Papa Djibril, ningenyamaza! Kuku muntu anaona haiko tena, anajua aliibiwa. Weye uliniiba namba, na minye kila Jumatatu nilikuwa nakuletea merci mupaka hapa ku mulango!"

Emérance alianza hivyo, bila hodi wala jambo, amesimama nje ya duka la Assani, ndiye Papa Djibril, na beseni la mihogo bado liko kichwani. Ilikuwa Februari mwaka tisini na tano, juma la kwanza la Ramadhani. Mvua ilikuwa imekatika dakika chache nyuma na watu wote wa barabara yetu pale Kikula, mtaa wa Likasi, walikuwa wameshatoka nje. Mimi nilikuwa mbele yao wote. Nisijifiche: mimi ndiye niliyemfuata sokoni kumwambia. Miguu yangu haijui kukaa na habari.

Assani alikuwa nyuma ya meza yake, katikati ya magunia ya chumvi na samaki wakavu, midomo imepauka kwa saumu. Ni mtu wa Kasongo, mpole, Kiswahili chake kimenyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Akikuambia sukari imekwisha unaondoka ukidhani umepewa.

"Mama Laure," akasema, "keti kwanza. Zaina! Lete kiti."

"Sitaki kiti."

"Keti kidogo tu, tuongee."

"Ukiniketisha nitajua uko na habari ya kufa. Nitasimama. Uliambia Lubumbashi ngapi?"

Assani aliitazama phonie yake pale mezani, ile redio ya kuitana, kama vile yenyewe ingemjibia.

"Tisini na mbili."

"Na karatasi yangu ya leo iko na ngapi?"

"Themanini na nne."

"Munasikia?" Emérance akatugeukia, beseni halikutikisika. "Munasikia, bantu ya Mungu? Themanini na ine! Na yee anatuma tisini na mbili!"

Tukasogea karibu na mlango. 

Kwa yule ambaye hakuwa Likasi miaka ile nieleze. Mume wa Emérance, Benoît, alikuwa mtu wa kiwanda cha tindikali. Kazi yake ilikuwa kuangalia cadran, zile saa za mishale zinazoonyesha moto na presha, na kuandika. Moyo wake ulianza kuchoka angali kijana wa miaka arobaini na kitu: anapanda ngazi anasimama katikati, miguu inajaa maji mpaka viatu havipiti. Mwaka themanini na saba, kampuni ikiwa bado kampuni, walimpeleka Ubelgiji akawekewa mashine chini ya ngozi, hapa karibu na bega. Sisi tuliiita pile, kwa sababu ina betri ndani kama tochi. Alirudi amenenepa, na koti, na kisanduku kidogo cha kuimba. Ndiyo, cha kuimba. Kila mwezi alikwenda ofisini, anafunga nyaya za kisanduku mikononi, anakiwekea simu, nacho kinapiga mluzi, tii-tii-tii, na kule Ubelgiji daktari anasikia moyo wa Benoît kama anasikiliza habari. Watoto walikuwa wanapanda dirishani kutazama.

Kisha mwaka tisini na moja watu wakapora, Wabelgiji wakaenda kwao, waya za simu zikakatwa zikauzwa shaba. Kisanduku kikabaki juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono.

Aliyetuokoa ni infirmière mmoja, muuguzi wa Lubumbashi, Blandine, aliyekuwa na wagonjwa kumi na moja wa namna hiyo hapa na pale Katanga na hana njia ya kuwaona. Alimfundisha Laure, binti mkubwa wa Benoît, dawa ya maskini. Unachukua sumaku, unaiweka juu ya pile. Mashine ikisikia sumaku inapiga mbio zake yenyewe, hazibadiliki, na wewe unahesabu mapigo shingoni kwa dakika nzima. Betri mpya: tisini na nane. Kadiri inavyochoka, namba inashuka. Ikifika themanini na sita, muda umekwisha, lazima pile nyingine. Na jambo la pili: viatu vinaingia au haviingii? Basi. Namba na viatu, kila Jumatatu saa nne, kwa phonie.

Phonie ilikuwa ya Assani. Sumaku pia ilikuwa ya Assani, aliitoa katika spika ya redio yake iliyokufa, akaipangusa kwa leso kabla ya kumpa Laure. Kumbuka hilo, kwa sababu siku ile ya ugomvi Emérance hakulikumbuka.

Sasa, phonie si simu. Simu unanong'ona. Phonie unapiga kelele, na kila mwenye mashine anasikia: Kolwezi anasikia, Kambove anasikia, wauza mahindi wa Kasumbalesa wanasikia. Na benchi la duka linasikia kuliko wote. Benchi lile lilikuwa sinema yetu. Nani amezaa, lori la nani limezama kwenye matope, nani ameoa tena kule Kipushi wakati mke wa kwanza yuko hapa anamtwangia. Na Jumatatu: "Lubumbashi, Lubumbashi, hapa Likasi. Mgonjwa wetu tisini na sita. Viatu vinaingia." Tunapiga makofi. Benoît mwenyewe alikuwa anakuja, anaketi mwisho wa benchi na kofia magotini, anasikiliza moyo wake unavyotangazwa. Wanawe walikuwa hawamwambii namba. Laure alihesabu, akaandika, akakunja karatasi, mama yake akaipeleka dukani alfajiri akielekea sokoni. Benoît alisikia pale benchini, pamoja nasi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Maana kwetu habari mbaya haisemwi njiani. Hata mtoto wa miaka saba anajua. Mtu unamwita, anaketi, anakula, ananawa mikono, ndipo unamwambia. Ndugu yangu alipokufa Kolwezi nilikula kuku mzima kabla sijaambiwa, na nilipoona kuku nilijua. Basi ile Jumatatu ya Novemba karatasi ilipofika na tisini, na Benoît yuko pale na kofia yake, Assani alishika kile chombo cha kusemea, akamtazama, akasema: tisini na mbili. Na Jumatatu iliyofuata, tisini na mbili. Namba ya kweli aliiandika kwenye barua, akampa mwanawe Djibril aipeleke Lubumbashi kwa lori. Kwa akili yake aliona amefanya vizuri: hewani heshima, kwenye karatasi ukweli.

Lakini tangu Novemba hiyo mpaka Januari ilikuwa mvua tupu. Lori lilivunjika ekseli, barua zikalala kwenye kabini wiki baada ya wiki.

Sasa turudi asubuhi ile. Assani alikuwa ametuma tisini na mbili yake, na sauti ya Blandine ikarudi, kavu, inakwaruza:

"Likasi, ngojeni. Barua zenu zimefika leo zote, ya mwisho iliandikwa siku ishirini zilizopita. Inasema themanini na nane. Leo munasema tisini na mbili. Namba hii haijui kupanda. Nani anadanganya, karatasi ao kinywa?"

 Assani akabonyeza kitufe, akaachia.

"Likasi, munasikia? Kulikuwa pile moja. Moja tu, ililetwa na padri kutoka Ubelgiji. Tulimupa mwalimu mumoja wa Kipushi siku ya Ijumaa. Yeye alikuwa themanini na tano. Wenu alikuwa tisini na mbili. Tulifuata namba."

Hapo ndipo miguu yangu ilipoondoka.

"Juu ya nini?" Emérance alikuwa sasa ameshusha sauti, na ilikuwa mbaya kuliko makelele. "Niambie tu juu ya nini. Tulikukosea nini?"

"Mama, alikuwa ameketi hapo." Assani alionyesha mwisho wa benchi. "Hapo. Ananitazama. Nitamtangazia mtu mwisho wake mbele ya macho yake, na Kolwezi nzima inasikia?"

"Ni juma mbili Benoît hakuye tena hapa! Miguu imejaa, viatu haviingii, na unasema vinaingia!"

"Yeye hayuko. Lakini Mama Dan yuko."

Mama Dan ni mimi. Wote wakanitazama.  Kweli nilikuwa natoka benchini moja kwa moja mpaka kitandani kwa Benoît: Papa Laure, tisini na mbili, utatuzika sote! Naye anacheka mpaka anakosa pumzi.

Emérance aliteremsha beseni. Alimkaribia Assani, meza peke yake katikati yao.

"Sikiliza. Kuanzia leo namba unaisema vile iko. Ku Lubumbashi, na kwangu. Usiniketishe. Usinipe chakula. Ukinikuta ku njia, sema pale ku njia. Ukinikuta nimesimama, sema nimesimama. Unasikia?"

"Nimesikia."

"Apa."

Assani aliweka mkono kifuani. "Wallahi, Mama Laure. Vile iko."

Alivuta phonie, mbele yetu sote, akasema themanini na nne, viatu haviingii, kosa ni langu mimi Assani, si la familia. Mara mbili alilisema lile la kosa, kwa kuwa mara ya kwanza Blandine hakusikia vizuri.  Kisha Blandine akasema: mleteni. Tumeandika Ubelgiji kuomba nyingine. Awe karibu, ikifika tumuwekee siku ile ile.

Lori lilikuwa limepona. Kesho yake asubuhi Djibril alilisimamisha mbele ya mlango wa Benoît. Kabini ilikuwa na nafasi mbili: moja ya mgonjwa, moja ya Laure, maana yeye ndiye wa sumaku na saa. Emérance alibaki na wale wadogo. Wanaume wanne walimbeba Benoît kwenye kiti, mtu ambaye zamani alikuwa anabeba mfuko wa saruji kwa bega moja akipiga mluzi. Miguuni alikuwa amevaa soksi tu. Viatu vyake vya kiwandani, vyeusi, vya chuma mbele, Laure alivibeba mkononi vimefungwa kwa kamba.

Assani alisimama mbali, upande wa pili wa mfereji. Hakuthubutu kuvuka.

Benoît akamwona. Akamshika mkewe kitenge.

"Emérance. Usimukamate Assani pa shingo tena."

"Nyamaza, usipoteze pumzi."

"Minye nilijua."

"Ulijua nini?"

"Namba." Alipumua mara tatu kabla ya kuendelea. "Miaka makumi mbili na munane niliangalia cadran ya benyewe. Unawaza nitashindwa kuangalia yangu? Sumaku munaficha ndani ya boîte ya sukari. Ukienda ku soko, naitoa mule, nahesabu. Ilikuwa tisini. Nikaenda ku benchi, nikasikia anasema tisini na mbili. Nikamuangalia. Akaniangalia. Nikanyamaza."

Emérance alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyevaa shati la mumewe.

"Juu ya nini, Benoît?"

"Ilikuwa tamu," akasema. "Wote bale banapiga makofi. Ilikuwa tamu."

 Emérance alimfunga koti vifungo vyote, mpaka kile cha shingoni, na kile cha shingoni alikifunga kwa nguvu kidogo. Kisha akafunga mlango wa kabini. Lori likaondoka taratibu, linakwepa mashimo, na sisi nyuma yake mpaka kwenye kona, kama maharusi bila ngoma.

Tangu siku ile Assani alitimiza kiapo chake. Jumatatu haikungojwa tena, ilikuwa kila siku. Laure anahesabu Lubumbashi, Blandine anasema hewani, Assani anavuka barabara na karatasi mkononi, anasimama mbele ya mlango wa Emérance, na anasema kwa sauti, hata kama Emérance ana sabuni mpaka viwikoni:

"Themanini na tatu. Viatu haviingii. Pile haijafika."

"Merci."

Basi, anarudi. Hakuna kiti, hakuna habari za watoto. Siku moja alimkuta Emérance njiani, gunia la makaa mgongoni, na akasema pale pale, watu wanapita: "Themanini na moja. Viatu haviingii. Pile haijafika." Wamama wa sokoni walidhani ni wazimu au wanachezana. Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliona gunia linashuka kidogo, kisha linapandishwa tena.

Na tuseme ukweli, ilituumiza sote. Benchi likapungua watu. Siku hizo mtu akiulizwa hali alikuwa anafikiri kwanza. Zaina, mke wa Assani, aliniambia mumewe akifungua saumu anaweka tende mdomoni na anasahau kutafuna. Alikuwa amepeleka ujumbe kwa kila mfanyabiashara anayemjua, Kitwe, Ndola, Goma, kama kuna mtu anajua mahali pa kupata pile ya moyo. Mmoja alimjibu anazo, kartoni nzima, za tochi.

Siku ya ishirini na sita ya mfungo, phonie iliita saa kumi na nusu, saa ambayo si ya Blandine. Nilikuwa benchini peke yangu, nachambua mchicha. Nilisikia. Sitarudia maneno aliyosema Blandine. Aliyasema vizuri, polepole, na alilia kidogo mwishoni akaomba radhi.

Zaina alitoka nyuma ya pazia mikono kichwani. Assani aliinuka, akafunga dirisha la duka, akafunga la pili, akafunga mlango. Alifunga kila kitu kama anasafiri. Kisha akabaki kwenye baraza. Nilidhani atavuka mara moja. Hakuvuka. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya bomba za kiwanda ambazo hazikuwa zikitoa moshi siku hizo, na mtu yule alisimama anaifunga na kuifungua saa yake ya mkononi. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa na habari na miguu yangu ikakataa. Nilimwambia:

"Papa Djibril, nimuite? Aje akae hapa kwa Mama Djibril, tumupikie kidogo..."

"Hapana, Mama Dan. Niliapa."

Akavuka. Nikamfuata, na majirani waliomwona wakanifuata mpaka langoni kwa Emérance.

Emérance alikuwa uani anasonga bukari, ugali wetu. Wadogo walikuwa wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanangoja. Sufuria ya sombe, yale majani ya mihogo, ilikuwa pembeni, imeshaiva, harufu yake imejaa ua. Alimwona Assani akiingia. Aliangalia mikono yake, ilikuwa mitupu. Hakukuwa na karatasi.

Hakuacha kusonga. Bukari ikiachwa katikati inafanya madonge, na watoto wale walikuwa hawajala tangu jana mchana.

"Sema," akasema.

Assani alifungua mdomo. Niliona kabisa, kutoka pale langoni, lile neno kiti likipita usoni mwake. Alilimeza.

"Mama Laure. Papa Laure amekufa. Leo, saa nane mchana. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Laure alikuwa naye, alimshika mkono. Pile haikufika. Djibril anamleta kesho."

Mwiko ulizunguka mara moja, mara mbili. Akautoa, akaukung'uta ukingoni mwa sufuria, akaishusha sufuria chini.

"Namba ya mwisho?"

"Sabini na tisa."

"Na viatu?"

Hapo palikuwa na njia nyepesi. Sisi sote tuliokuwa langoni tulikwisha kuiona, na mimi mwenyewe moyoni nilimwomba: sema viliingia, Papa Djibril, nani atakuuliza? Mpe hilo tu. Assani alitazama chini, kisha akamtazama yule mwanamke machoni.

"Havikuingia. Walijaribu, havikuingia. Laure anavirudisha mkononi."

Emérance aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepokea kitu chake na kukihesabu akakikuta kimetimia. Alifuta mikono kwenye kitenge, kwanza mmoja, halafu mwingine. Zile kelele za kilio tulizozingoja hazikuja. Zilikuja baadaye, na zilitosha, lakini si wakati ule. Aliwavuta wale wadogo wawili, akawaweka mmoja huku mmoja kule, kichwa cha kila mmoja kikafika kiunoni pake.

Kutoka upande wa soko, adhana ya magharibi ikaanza. Assani hakugeuka. Alikuwa bado amesimama vile vile, mikono ubavuni, midomo imepasuka kwa kiu, anangoja kufukuzwa.

Emérance aliisikiliza adhana mpaka katikati. Kisha akainama, akachota maji kwa kikombe, akamnyooshea.

"Haujakula tangu asubuhi," akasema. "Nawa mikono, Papa Djibril. Ingia ukule."